Jozi Iliyoishi Nyumba Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Kuuza Spika za Mninga

Kisa ninachokichambua hapa kilianza kama biashara ndogo ya nyumbani na nusura kiishie kwa mtendaji wa kata. Jozi ya spika zilizotengenezwa kwa mkono mjini Tabora mwaka 1986 iliuzwa kwa mwalimu mstaafu wa Kigoma kwa shilingi 700,000, na siku ya tano baada ya mzigo kufika mnunuzi alipiga simu kudai arudishiwe fedha zake zote kwa sababu, kwa maneno yake, alikuwa ameuziwa masanduku. Mimi ni fundi wa redio na vyombo vya muziki hapa Tabora. Sikuwa dalali wa mauziano hayo wala shahidi wake. Niliitwa baadaye, pande zote mbili zilipokubaliana kwamba kabla ya kushtakiana atafutwe mtu wa kuzifungua spika na kusema alichokikuta. Wahusika wameniruhusu kukieleza kisa chao kwa sharti la kuyaacha majina, kwa hiyo watakuwa muuzaji, dada yake na mwalimu.

Aliyezitengeneza spika hizo ni baba yao, marehemu sasa, ambaye alikuwa fundi wa simu na ishara katika reli. Alikuwa mpenzi wa muziki wa dansi tangu enzi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na hakuridhika na redio za kabati zilizokuwa zikiuzwa madukani. Alipata wufa mbili (spika za sauti nzito) za inchi 8 na twita mbili (spika ndogo za sauti za juu) za kuba la hariri, zote za ohmu 8 na zote zimetoka Ulaya, kisha akakaa chini na daftari kupiga hesabu ya sanduku. Daftari hilo nimeliona kwa macho yangu. Hakubahatisha: alitumia kanuni ambazo Neville Thiele alizitoa nchini Australia mwaka 1961 na ambazo Richard Small, aliyefanya utafiti wake Sydney, aliziendeleza katika miaka ya 1970, zinazomwezesha fundi kujua kwa kalamu, kabla hajakata ubao, kwamba wufa fulani inahitaji hewa lita ngapi na tundu la ukubwa gani. Yeye alipata lita 40, na bomba la kipenyo cha sentimita 7 na urefu wa sentimita 13 ili sanduku lizungumze kwenye hezi 40, yaani mitikisiko 40 kwa sekunde, sauti nzito sana. Nimezirudia hesabu hizo kwa kikokotoo cha simu na sikupata cha kusahihisha.

Mbao alizotumia ni mninga wa unene wa sentimita 2.2. Mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa mninga, lakini kwa ajili ya mauziano haya kuna jambo moja la kulisema, kwa kuwa lilikuwa sehemu kubwa ya bei. Mafundi wengi wa spika huogopa mbao za magogo na hukimbilia mbao za kubandikwa kiwandani, kwa sababu ubao wa gogo hunywa unyevu wakati wa masika, hukauka wakati wa kiangazi, na sanduku huachia kwenye viungo. Mninga ni miongoni mwa mbao chache zinazosinyaa kidogo sana zikishakauka vizuri, nao mchwa na dumuzi hawaupendi moyo wake. Masanduku haya yalikuwa yamepita karibu kiangazi arobaini cha Unyamwezi bila ufa hata mmoja, kila moja likiwa na uzito wa kama kilo 17, na rangi yake imeiva kama asali ya msitu. Mtu aliyeyaona kwenye picha alikuwa na haki ya kuyatamani.

Baada ya mzee kufariki, watoto wake wawili waligawana vitu vya sebuleni, na katika kugawana huko kila mmoja alichukua spika moja. Ya kaka ilibaki Isevya, hapa hapa Tabora mjini, ya dada ilipanda treni kwenda Urambo, alikokuwa ameolewa. Hakuna aliyeona kasoro katika mgawo huo. Ulionekana wa haki kuliko kumpa mmoja zote mbili. Lau wangegawana viatu vya mzee kwa namna hiyo, mtaa mzima ungecheka. Spika moja kwa kweli huimba, na huimba vizuri tu, ndiyo maana kwa miaka kumi na moja hakuna mtu katika ukoo ule aliyejua kwamba jozi haipo tena.

Mwaka jana, mwanzoni mwa kiangazi, kaka alitaka fedha za kuezeka nyumba na akamshawishi dada yake wauze. Spika ya Urambo ikarudishwa Tabora, zikapanguswa, zikapakwa vanishi upya kidogo kwenye pembe zilizochubuka, zikapigwa picha zikiwa zimesimama pamoja. Muuzaji aliomba shilingi 900,000. Wengi waliouliza bei walicheka, kwa kuwa kwa sehemu ndogo ya fedha hizo mtu hupata sabufa mpya yenye taa, rimoti na mahali pa kuchomeka flashi. Mwalimu hakucheka. Alikuwa na santuri zake na amplifaya nzuri, na alikuwa akitafuta kwa muda mrefu spika zilizopigiwa hesabu. Walielewana kwa 700,000, akatanguliza arbuni ya 200,000 kwa simu, na baada ya wiki mbili akapanda treni kuja kuziona, kuzisikiliza na kumalizia.

Hapa ndipo pa kutazama kwa makini, kwa sababu mnunuzi huyu hakuwa mzembe. Alikuja na mita yake. Alipima ukinzani kwenye vishikio vya nyuma vya kila spika, akapata ohmu 6.1 kwa moja na 6.2 kwa nyingine, vipimo ambavyo ndivyo hasa vinavyotarajiwa kwa wufa iliyoandikwa ohmu 8. Alizisukuma koni, zile sehemu za mbele zinazotikisika, kwa vidole polepole akisikiliza kama koili, waya uliozungushwa nyuma ya koni, inakwaruza kwenye sumaku, na haikukwaruza. Alikagua ukingo wa wufa, ambao kwenye spika nyingi za zamani ni sponji inayogeuka unga, akakuta ni mpira mzima. Kisha akataka kuzisikia. Amplifaya ya muuzaji ilikuwa na upande mmoja tu unaofanya kazi, ule mwingine uliungua zamani, kwa hiyo walisikiliza spika ya kwanza, wakahamisha waya, wakasikiliza ya pili. Zote ziliimba. Mwalimu alihisi kwamba moja ni kali zaidi juu, lakini ile ilikuwa imesimama kwenye kona na nyenzake katikati ya ukuta, naye akajieleza kwamba ni chumba. Ilikuwa saa moja na nusu jioni, chini ya taa moja.

Waliandikiana hati ya mauziano kwenye karatasi mbili, jirani mmoja kila upande akashuhudia. Maneno yaliyoleta ugomvi ni haya, na nimeyanakili kama yalivyo: “Spika hizi ni jozi ya asili, ziko kama marehemu baba alivyoziacha, hazijawahi kufunguliwa.” Chini yake, kwa mwandiko uleule: “Mali ikishauzwa hairudishwi.” Mwalimu akalipa 500,000 iliyobaki, mzigo ukaandikiwa stakabadhi, na usiku ule ukaondoka naye kwenda Kigoma.

Kule nyumbani aliziweka mita mbili mbali moja na nyingine, akaunganisha amplifaya yake yenye pande zote mbili, akaweka santuri. Besi haikuwepo. Gitaa la besi lilikuwa likisikika kama mtu anayekuna kamba kwa kucha, na mwimbaji, ambaye katika santuri ile anapaswa kusimama katikati ya spika mbili, hakusimama popote. Alibadilisha santuri, akabadilisha waya, akasogeza spika ukutani. Siku tano.

Muuzaji aliponiletea habari hiyo alikuwa amekwisha kuudhika, akiamini mzee wa watu ameishiwa fedha na anatafuta njia ya kuzirudisha. Nilimwomba namba, nikampigia mwalimu nikiwa nimekaa na muuzaji kibandani kwangu.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba. Wewe ndiye fundi?”

“Ndiye mimi. Mwalimu, ukizipiga moja moja, besi ipo?”

Akanyamaza kidogo. “Ipo. Moja moja ipo. Zikiwa pamoja ndiyo inakimbia.”

Nilimwomba aende kwenye spika moja tu, yoyote, abadilishe waya mbili nyuma yake, ulioko kwenye nyekundu uende kwenye nyeusi na wa nyeusi uje kwenye nyekundu, na ile nyingine asiiguse kabisa. Aliiacha simu mezani. Tulisikia hatua zake, tukasikia sindano ikishuka, halafu kibanda changu kikapata besi kwa njia ya simu, jambo ambalo sikuwa nimelitegemea. Muuzaji alinitazama kama nimefanya uganga.

Si uganga. Koni ya spika husukuma hewa na kuivuta, na spika mbili za jozi zinatakiwa zisukume pamoja na zivute pamoja. Waya za moja zikigeuzwa, hii inaposukuma ile inavuta, na hewa inahama kutoka kwa moja kwenda kwa nyingine bila kumfikia msikilizaji. Besi huumia zaidi kwa sababu mawimbi yake ni marefu: sauti ya hezi 60 ina wimbi la karibu mita 5.7, kwa hiyo spika zilizoachana mita mbili, kwa macho ya wimbi hilo, ziko mahali pamoja na zinafutana. Sauti ya hezi 3,000 ina wimbi la kama sentimita 11 tu, hivyo juu hazifutani sawasawa, hukorogana, na matokeo yake ni yule mwimbaji asiye na mahali. Spika moja peke yake haiwezi kuonyesha ugonjwa huu, hata ukiisikiliza mwaka mzima. Ndiyo sababu Isevya hawakuusikia, Urambo hawakuusikia, na amplifaya ya upande mmoja iliwanyima wote wawili nafasi ya mwisho ya kuusikia jioni ile.

Ningeweza kuishia hapo, na muuzaji alitaka niishie hapo. Lakini spika haijigeuzi yenyewe. Mtu aliyepiga hesabu ya bomba hadi sentimita hawezi kuchomea nyekundu kwenye nyeusi na kuiacha, na kama waya zilikuwa zimegeuka, basi kuna mkono mwingine uliokwishaingia mle ndani. Mwalimu naye alikuwa na la kuongeza: besi imerudi, anashukuru, lakini spika ya kulia bado inamchoma masikio kwenye herufi “s”, na sauti ya mwanamke upande huo inasikika kama imetobolewa katikati. Tulikubaliana niende Kigoma, nauli nusu kwa nusu.

Nilianza na betri ya volti 1.5, kipimo cha kifukara kuliko vyote na cha kuaminika kuliko vingi: ukigusisha chanya ya betri kwenye kishikio chekundu, koni ya wufa inatakiwa itoke nje. Ya kushoto ilitoka. Ya kulia iliingia ndani. Kisha nikaigeukia ya kulia, na kabla hata sijaifungua nikaona kitu ambacho mchana kilionekana wazi: skrubu nne za twita zilikuwa za msalaba, zinang'aa, ilhali skrubu nyingine zote kwenye masanduku yote mawili zilikuwa za mfuo mmoja, zimefubaa. Twita yenyewe haikuwa ya hariri. Ilikuwa ya kuba la aluminiamu, imetoka kwenye spika za gari, na mgongoni imeandikwa ohmu 4. Aliyeifunga aliacha kapasita ya mzee, kile kifaa kidogo kinachozuia sauti nzito zisiifikie twita, maikrofaradi 6.8, akachomea waya upya kwenye vishikio na hapo ndipo alipozigeuza.

Kapasita hiyo ndiyo inayofafanua lile tobo. Ikiwa mbele ya twita ya ohmu 8, huanza kuipa sauti kwenye takriban hezi 2,900, mahali ambapo mzee alipanga wufa iachie. Ikiwa mbele ya twita ya ohmu 4, hesabu inapanda maradufu, karibu hezi 5,900. Kati ya namba hizo mbili wufa imekwisha kuchoka na twita haijaamka, na katika pengo hilo ndimo ilimo sehemu kubwa ya uwazi wa sauti ya binadamu. Juu ya pengo, twita ya gari ikawa inapaza kuliko mwenzake. Mita ya mwalimu isingeweza kulibaini hilo kwa sababu kapasita huuzuia umeme wa betri ya mita usiifikie twita. Kilichopimwa jioni ile kwenye spika zote mbili kilikuwa wufa peke yake.

Spika ya kulia ndiyo iliyotoka Urambo. Dada alipoulizwa alijibu bila kuficha neno: twita iliungua kwenye sherehe ya kipaimara ya mwanawe, akaita fundi wa pale, akalipa 25,000, spika ikapona. Kaka yake hakuwahi kumuuliza kama iliwahi kufunguliwa. Na hati hakuiona, aliletewa nusu yake ya fedha tu.

Sasa, nani alikosa? Muuzaji alishikilia kwamba hakudanganya, na mimi naamini hakudanganya. Lakini kutodanganya si sawa na kusema kweli. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaihesabu kuwa maelezo potofu hata kauli ambayo msemaji wake aliiamini, iwapo alichokuwa nacho hakikutosha kuithibitisha. Na aliyeingizwa katika mkataba na kauli hiyo anaweza kuuvunja, au akiuridhia, kudai awekwe mahali ambapo angekuwa lau kauli ingekuwa ya kweli. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, nayo inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo. Muuzaji aliandika “hazijawahi kufunguliwa” juu ya spika ambayo kwa miaka kumi na moja haikulala chini ya paa lake. Angeandika “niliyokaa nayo mimi haijafunguliwa”, angekuwa salama, na sidhani kama bei ingeshuka. Ile sentensi ya “hairudishwi” kwa maoni yangu haikumkinga: mwalimu alikubali kutorudisha kilichoelezwa, na kilichoelezwa sicho alichopewa.

Upande wa pili una hoja, na nilimweleza mwalimu usoni. Sheria hiyohiyo ya mikataba haimpi nafasi ya kuuvunja mtu ambaye angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Je, skrubu zinazong'aa ni uangalifu wa kawaida? Mtu anayekuja na mita, anayejua kupima koni kwa vidole, angeweza kusubiri asubuhi. Alikuwa na haraka ya treni. Alisikia ukali wa upande mmoja na akaupa chumba lawama badala ya kubadilishana nafasi za masanduku, kazi ya dakika mbili. Na kubwa zaidi, alinunua jozi bila kuisikia jozi hata mara moja, wakati amplifaya nzima ingeweza kuazimwa mtaani kwa soda mbili. Mahakamani sijui, ila kibandani kwangu hoja hii ilitosha kuondoa wazo la kurudisha fedha zote, si kufuta deni la twita.

Deni lenyewe tulilipiga hivi. Twita ya mzee haitengenezwi tena, na kuweka moja tofauti upande mmoja ni kurudia kosa la Urambo kwa uangalifu zaidi. Njia iliyobaki ni kubadilisha zote mbili kwa twita za hariri za ohmu 8 zinazofanana, 45,000 kila moja, na kazi yangu 30,000, jumla 120,000. Kaka na dada wakatakiwa kutoa 60,000 kila mmoja. Kaka alitoa siku ileile. Dada aligoma kwa wiki tatu, na sikumlaumu sana: yeye aliitunza spika yake, akaitibu kwa fedha zake, na sasa anatozwa kwa neno ambalo hakuliandika. Alitoa baada ya kaka yake kukubali kubeba 40,000 kati ya zile 60,000 za dada, na yeye 20,000, mgawo ambao naona ulikuwa wa haki kuliko ule niliopendekeza mimi.

Twita moja ya asili iliyobaki, ile ya Isevya, mwalimu ameifunga kwenye kitambaa na kuiweka ndani ya kabati la santuri. Alichotaka baada ya hapo kilikuwa daftari la mzee, na alikuwa tayari kulilipia, kwani kwenye ukurasa mmoja mle umechorwa mchoro wa waya zote, nyekundu kwa kalamu nyekundu. Daftari lilikuwa kwenye sanduku la bati la dada, Urambo. Alikataa kuliuza. Alilipeleka stesheni mwenyewe siku niliyokuwa nikipita na treni kwenda Kigoma kufunga twita, akanipa dirishani, akanitaka nitoe nakala kivuli ya kurasa sita na nilirudishe kwa treni ya kurudi.